Alivyoandikishwa Mume Wangu

Jumamosi, siku ya ishirini ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, kabla ya adhuhuri, nilimpoteza mume wangu. Tulikuwa tumeoana miaka ishirini na tisa. Siku hiyo nilipoteza pia kitu ambacho sikujua kwamba ni changu mpaka kilipoondoka: mabishano yake na kaka yangu, ambayo yalijaa nyumbani mwangu kama harufu ya mchuzi, nikiyachoka na kuyazoea.

Nimesoma mpaka darasa la saba. Sina maneno mengi. Wanaokuja kunipa pole huniambia ni qadari, nami naamini ni qadari. Lakini qadari haimzuii mtu kusema alilolifanya yeye.

Tunakaa ndani kidogo kutoka Msambweni, upande wa mikorosho. Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka makuti. Mimi nilishona, yeye akapandisha. Mabanda mengi ya hoteli za Diani, yale ambayo wageni hukaa chini yake wakinywa madafu, yamepitia mikononi mwetu. Alikuwa mtu wa maneno machache akiwa kazini na mtu wa maneno mengi akishuka. Aliniamsha kila alfajiri kwa kunigusa kidole kikubwa cha mguu, hakuniita jina. Sijui kwa nini naliandika hili hapa. Labda kwa sababu ndilo ninalolikumbuka kwanza kila nikiamka.

Yeye na kaka yangu walikuwa chama kimoja tangu ujana. Walipanda lori moja kwenda mikutanoni, wakarudi wamepotewa na sauti, wakala sahani moja. Kabla ya uchaguzi uliopita kaka yangu akahama, akaenda chama kilichokuja kushinda. Alisema amechoka kulia kila baada ya miaka mitano. Mume wangu hakuhama. Alisema chama si kanzu, huivui kwa sababu imeloa.

Kwetu shemeji ni mtani. Wenyewe huitana mlamu. Anaweza kukwambia neno ambalo mwingine akikwambia mtafikishana kwa wazee, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na mwanamke aliye katikati yao hana ruhusa ya kuingia. Mmoja mumewe, mwingine nduguye. Akimtetea huyu amemwaibisha yule. Basi mimi nilipika, nikawasikiliza.

"Mlamu, hamjambo huko mnakokula mawe?" kaka yangu husema akifika, hata viatu hajavua.

"Hatujambo. Mawe yetu tunayanunua wenyewe. Wewe ubwabwa wako umekuja na fulana."

"Fulana nzuri lakini. Nikuletee moja ufutie baiskeli?"

"Lete. Baiskeli yangu haina aibu, itavaa."

Tulicheka. Nilikuwa nacheka na mimi. Ndipo ikaja sheria mpya ya bima ya afya.

Mume wangu alikuwa na kisukari mwaka wa saba. Kadi ya bima ya zamani aliipata alipoajiriwa hotelini, na hata alipotoka aliendelea kuichangia mwenyewe kila mwezi. Kwa kadi ile alipimwa na kupewa dawa. Sheria ilipobadilika, kadi ile ikafa. Kila mtu alitakiwa ajiandikishe upya, aulizwe maswali juu ya maisha yake, na simu ya mwandikishaji ikokotoe, kwa majibu hayo, ni kiasi gani anapaswa kuchanga. Asiye na mshahara alichanga mwaka mzima kwa mara moja.

Hapo utani wao ukageuka, ingawa maneno yalikuwa yale yale. Mimi sikuliona hilo mapema. Kaka yangu alisema bima ya zamani ilikuwa imeoza mpaka kwenye mizizi, ilimfaa mwenye mshahara tu, na sasa hata mchimba mihogo atakuwa na kadi sawa na ya mkubwa. Mume wangu alisema sheria ile ilipitishwa bila sisi kuulizwa, na mtu anayepata kazi leo akakosa kesho hawezi kulipia mwaka mzima maradhi ambayo bado hajayaona. Nikisema kweli, kila mmoja alikuwa na haki yake. Nilimjua jirani aliyejifungua kwa kadi mpya bila kuulizwa kitu. Nilimjua pia aliyerudishwa mara mbili akiambiwa mtandao umelala. Kaka yangu alimtaja wa kwanza tu, mume wangu alimtaja wa pili tu.

Na mume wangu hakujiandikisha. Dawa alinunua dukani, akikosa aliruka siku. Nilimwomba. Nilimwomba kama mke anavyojua kuomba, kwa upole, kwa chakula, kwa kununa. Ramadhani ikaisha, na siku ya kwanza ya Idi akaniambia, "Haya. Kwa ajili yako. Lakini usimwambie kaka yako."

Nilimwambia kaka yangu. Nilifurahi sana, nikashindwa kulizuia.

Siku ya pili ya Idi tulikwenda kwake kula. Nyumba ya kaka yangu iko karibu na barabara kubwa, ina baraza pana na mabati mapya. Tulimkuta amemwalika mama wa afya, yule mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba na simu na mkoba wa bluu. Alikuwa hajawahi kufika kwetu, si eneo lake. Wanaume kama kumi na watano walikuwa wamekula pilau, wanakunywa kahawa. Mume wangu alipoona ule mkoba alinitazama mara moja, kisha akatazama pembeni. Hakuondoka. Angeondokaje?

Mama wa afya akamsalimu vizuri, shikamoo baba, Idi mubaraka. Akaanza kumwuliza kwa sauti ndogo, ya watu wawili.

"Sema kwa sauti, mama," kaka yangu akasema. "Huyu mlamu wangu ana masikio ya upinzani, jambo la serikali haliingii."

Baraza ikacheka.

"Nyumba unayokaa, baba, imeezekwa kwa nini?"

Nilikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Mume wangu, ambaye nyumbani kwetu alikuwa akilala chali na kuyasifu makuti yake jinsi yanavyopoza, alikohoa kidogo.

"Mabati," akasema.

"Sakafu?"

"Saruji."

"Choo?"

"Cha kuvuta maji."

"Mashaallah," mzee mmoja akasema, na sikujua kama anaamini.

"Huyu ana mifugo pia," kaka yangu akadakia. "Mwandike ng'ombe, mama, asikufiche!"

"Ng'ombe wanne," mume wangu akasema, uso mkavu.

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Yule mama akaandika. Tulikuwa na mbuzi wawili.

"Mnapikia nini?"

"Gesi."

Mimi nikanuka moshi wa kuni pale niliposimama. Mama wa afya akainua macho, akaniona, akaniuliza kwa heshima, "Ndivyo, mama?"

Nafasi ile nilipewa mimi. Hakupewa mtu mwingine. Nami nikasema, "Kama alivyosema baba."

Tumelelewa kwamba mke hamvui mumewe nguo mbele ya watu. Na mwanamume wa kwetu hataji unyonge wake barazani ukweni, siku ya Idi, amevaa kanzu. Atasema ameshiba na tumbo linalia. Haya si mambo mabaya, yametulea. Lakini yale maswali yalitungwa na watu wasiojua kwamba huku kwetu ukimwuliza mtu hadharani kama ni maskini, atakwambia ni tajiri. Ile simu ikaamini. Yule mama akasoma kiasi kilichotoka, akasoma kwa sauti kama alivyoambiwa, na kicheko kikakatika chenyewe. Kilikuwa kiasi cha mtu mwenye mabati, saruji na ng'ombe.

"Si kitu," mume wangu akasema. "Nitalipa."

Tulipokuwa tunaaga, mama wa afya alinishika mkono nyuma ya mlango. "Mama, kukiwa na kosa, nitafute. Hurekebishwa."

Tulirudi kwa miguu, njia ya mikoroshoni. Katikati ya njia akasema, "Sikuweza."

"Ungesema tu."

"Ningesema kuti mbele ya wale, kaka yako angeliimba mpaka Idi ijayo." Akatembea hatua kadhaa. "Na wewe uliulizwa."

"Niliulizwa."

Karibu na nyumbani akasimama ghafla, akaniuliza, "Wale ng'ombe wanne tutawalisha nini?"

Tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga na kanga yangu ya Idi. Nilidhani kicheko kile kimemaliza jambo. Ndilo kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilichukua dakika moja na hili lilichukua miezi mitano. Sikumtafuta mama wa afya. Sina sababu nzuri. Nilijiambia kwamba kwenda kusema mume wangu alidanganya ni kumfedhehesha mara ya pili. Nilijiambia atakwenda mwenyewe. Nilikuwa na makuti ya kushona.

Haukupita muda mrefu, wakubwa wa chama chetu wakaingia serikalini. Naandika chama chetu, kwa sababu na mimi nilikipigia kura kila mara, kwa kumfuata yeye. Alisikia kwenye redio akinoa panga. Wale wale waliotuambia bima mpya ni ya kutukamua, sasa walisema ina manufaa, wananchi wajitokeze. Alizima redio, akaiweka juu ya kabati, ikakaa huko.

Kaka yangu akaja kesho yake, mikono ameifungua kama anayempokea mtu stendi.

"Karibuni nyumbani, mlamu! Tuliwaambia mtachelewa, lakini mtafika."

Mume wangu alikuwa na jibu kila mara. Siku hiyo akasema, "Karibu chai," basi. Kaka yangu alikunywa chai ile haraka na kuondoka, nami niliona ameogopa kidogo.

Baadaye nikamwambia mume wangu, basi sasa twende, hata wakubwa wako wamekubali, tukarekebishe ile kadi. Akanijibu kwa sauti ya chini, wala hakuwa na hasira.

"Nilipokataa, nilikataa kwa sababu yao. Nikienda leo, nitakuwa nimekwenda kwa sababu yao pia. Sasa mimi mwenyewe niko wapi?"

Niliona maneno mazuri. Leo nayaona kama mlango niliouacha ujifunge. Alikuwa mgonjwa, ana haki ya kuchanganya ugonjwa na siasa. Mimi nilikuwa mzima.

Aliacha kwenda barazani. Watu walisema amenuna. Kumbe alikuwa hawezi kutembea vizuri. Alichomwa na kibanzi cha fito mguuni, kazini, na kwa ule ugonjwa wake hakusikia maumivu. Akafunga kitambaa, akavaa soksi, akaniambia ni baridi yabisi. Niligundua kwa harufu, wakati wa Maulidi, aliposhindwa kwenda msikitini na msikiti uko hatua mia mbili.

Nilimpigia simu kaka yangu. Nilimwambia neno moja tu, njoo. Alikuja na gari la kukodi, akaingia, akauona ule mguu, akainama na kumbeba mume wangu mgongoni kama mtoto. Mume wangu alikuwa mrefu kuliko yeye. Miguu ilikuwa inaburura mchangani.

Hospitali walitupokea vizuri, siwezi kusema vingine. Dirishani ilionekana kadi haijalipiwa. Kaka yangu alimaliza jambo hilo bila kugeuka kunitazama, na mpaka leo hajalitaja. Daktari, kijana wa bara mwenye adabu, akatuambia mguu ukatwe, na kwamba angefurahi kama tungekuja miezi miwili nyuma. Mume wangu akakubali ukatwe. Akaniuliza mimi kwanza.

Kaka yangu alikaa naye kila siku mchana, ili mimi nipumzike kwenye mkeka nje. Siku moja nilirudi ndani nikasikia mume wangu anasema, kwa sauti iliyokwisha:

"Mlamu, naona umenitia chamani kwa kunibeba."

"Kimya, mwanachama mpya. Bado hujapewa fulana."

"Nipe kubwa. Nimepungua, lakini jina langu ni kubwa."

Kaka yangu alicheka na mkono umefunika macho. Nilisimama nyuma ya pazia, sikuingia, nikawaachia ile dakika. Kati ya yote niliyofanya mwaka huo, hilo moja sijutii.

Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Siku ya tisa akafariki. Sijui kama kadi ingelipiwa mapema angepona. Daktari hakusema hivyo, na mimi sitamsemea. Najua tu kwamba angepimwa mapema, na mguu ungeonwa na macho mengine yasiyokuwa yangu.

Msibani kwetu mtani ana kazi yake. Ndiye anayeruhusiwa kumsema marehemu vibaya ili wafiwa wacheke, wapumue. Watu wa mume wangu walimngoja kaka yangu. Alikaa na wanaume, kofia mkononi. Mwishowe shangazi mmoja wa marehemu akapaza sauti, "Je, mtani kalala leo?"

Kaka yangu akasimama. "Huyu," akasema, akionyesha kaburi jipya chini ya mkorosho wetu, "huyu kaona uchaguzi unakaribia, kakimbia." Hakuna aliyecheka. Akajaribu tena, "Kakimbia na kura yetu," na sauti ikamgeuka. Alikwenda nyuma ya jiko akakaa kwenye kinu.

Niliingia eda. Binti yetu alikuja kutoka Tiwi akakaa nami mwezi, akarudi kwa watoto wake. Kaka yangu alikuja kila Ijumaa na samaki, akiuliza hali kutoka uani, akiondoka. Utani hakuleta tena. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mchwa.

Ijumaa moja nilimwambia akae. Nikamwambia lile ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. "Kaka, siku ile ya Idi niliulizwa mimi. Nilijua ni uongo, nikanyamaza."

Akaanza kuvuta uzi wa mkeka.

"Dada yangu," akasema, "unafikiri mimi sijui paa lako? Nimelala chini yake. Nilijua alipojibu tu neno la kwanza. Nikamwongezea ng'ombe." Akavuta uzi tena. "Na yule mama, mimi ndiye niliyemwambia aulize kwa sauti. Si pale tu mbele ya watu. Nilimwambia tangu asubuhi, kabla hamjafika. Nilitaka wasikie wote kwamba yule bwana mkubwa, mumeo, amekuja upande wetu kwa hiari yake. Nilitaka ushindi siku moja tu."

Nilikuwa nimemwambia siri ya mume wangu. Sasa nilijua ilipokwenda. Sikumwambia nimekusamehe, kwa sababu haikuwa yangu peke yangu kusamehe, na yeye hakuomba.

"Nafikiri nihame," akasema baadaye. "Nirudi chama chake cha zamani. Nimpe hilo."

"Utarudi wapi? Si wote wako kwenu sasa?"

Akaniangalia, akaanza kucheka bila kutaka. "Kweli. Nikienda huko nitajikuta mwenyewe mlangoni."

"Kaa ulipo," nikamwambia. "Usimfanyie siasa tena. Kesho niletee mama wa afya. Aje hapa, ndani, mimi na yeye. Mwaka huu nimeanza kuona ukungu machoni, na kiu hainiishi. Nataka nipimwe."

Aliacha kucheka. Akasema, "Nitamleta."

Akamleta Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nilikaa na yule mama chumbani, mlango wazi kwa ajili ya mwanga. Kabla hajatoa simu kwenye mkoba, kaka yangu akasema anatoka. Akapita uani, akapita jiko, akaenda mpaka kisimani kwa jirani, akasimama huko ametupa mgongo.

Yule mama aliuliza, nikajibu. Alipokosea kuandika nilimrekebisha. Tulipomaliza nilimwita kaka yangu aje anywe chai. Nikaita tena. Alikuwa amesimama mbali mno, hakusikia, ikabidi yule mama amfuate.